Pointi 212 kwa 212: Msimu wa mbio za magari Marekani ulioamuliwa kwa hesabu siku ya msiba

Mwaka 1999 madereva wawili wa mbio za magari nchini Marekani, mmoja raia wa Colombia na mwingine mzaliwa wa Scotland, walimaliza msimu wa mbio 20 wakiwa na pointi sawasawa. Bingwa alipatikana kwa kuhesabu nani alishinda mara nyingi zaidi. Lakini alasiri hiyo ya Jumapili tarehe 31 Oktoba, kabla hesabu hiyo haijaanza kufanywa, kijana wa Canada mwenye umri wa miaka 24 alikuwa amekwisha kufariki dunia, na wengi wa wenzake waliokuwa bado barabarani hawakuwa na habari.

Msimu huo wa michuano ya CART bado unatajwa kila panapozungumzwa historia ya mbio za magari ya magurudumu wazi. Wapo wanaoukumbuka kwa ubora wa ushindani wake, na wapo wanaoukumbuka kwa vifo viwili vilivyotokea katika muda wa wiki saba. Ulikuwa pia miongoni mwa misimu ya mwisho ambayo michuano hiyo iliweza kujiita kubwa bila mtu kucheka.

Magari ya aina gani?

Magari haya hayafanani na yale ya barabarani. Bodi ni nyembamba, kiti ni kimoja, na magurudumu yote manne yamechomoza nje bila kitu cha kuyafunika. Ndiyo maana yanaitwa ya magurudumu wazi. Dereva huketi katikati, karibu alale chali, na katika miaka hiyo kichwa chake kilikuwa wazi kabisa juu ya bodi, kikilindwa na kofia ngumu pekee.

Umbo hilo huyafanya yawe mepesi na ya kasi, lakini lina hatari yake. Tairi la mbele la gari moja likiligusa tairi la nyuma la gari lililotangulia, mizunguko ya matairi hayo mawili hulipandisha gari la nyuma juu, nalo huweza kuruka hewani. Injini za CART za mwaka 1999 zilikuwa za lita 2.65, zikiongezewa pumzi kwa turbo, zenye nguvu za farasi zaidi ya 800. Mafuta yake yalikuwa methanoli, aina ya alkoholi ambayo moto wake hauonekani kirahisi mchana, kiasi kwamba mtu anaweza kuungua huku waliosimama jirani wakidhani anacheza ngoma.

Tofauti kubwa kati ya michuano hii na Formula One ilikuwa viwanja. Dereva wa CART alitakiwa kuwa hodari kila mahali: katika barabara za mitaani kama Long Beach na Toronto, katika viwanja vya kudumu vyenye kona za kila namna kama Laguna Seca, hata katika njia za kurukia ndege, kwani mbio za Cleveland zilifanyika ndani ya uwanja wa ndege uliofungwa kwa ajili ya mashindano. Zaidi ya hapo zilikuwapo barabara za mviringo, ambako magari hukata kona kuelekea kushoto tu, saa nzima au hata tatu, yakiwa yamebanana, na ukuta wa zege ukiwa mita chache kutoka bega la dereva. Katika mviringo mrefu wa Fontana, jimboni California, kasi ya mzunguko mzima wakati wa kutafuta nafasi ya kuanzia ilipita kilomita 380 kwa saa.

Pointi ziligawanywa kwa madereva 12 wa kwanza. Mshindi alipata 20, wa pili 16, wa tatu 14, wa nne 12, wa tano 10, na kuendelea kushuka hadi wa kumi na mbili aliyeambulia moja. Pointi moja ya ziada ilikwenda kwa aliyeanza mbele katika mbio husika, na nyingine kwa aliyeongoza mizunguko mingi zaidi. Pointi hizo ndogondogo zilidharauliwa hadi siku ya mwisho ya msimu.

Vita vya panzi

Haiwezekani kuueleza mwaka 1999 bila kurudi nyuma miaka michache. CART iliasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na wamiliki wa timu waliochoshwa na namna michezo hiyo ilivyoendeshwa. Kwa miaka mingi walikuwa na kila kitu isipokuwa kimoja: mbio kubwa kuliko zote, Indianapolis 500, zilizoanza mwaka 1911, zilikuwa mali ya familia iliyomiliki uwanja wa Indianapolis. CART iliendesha michuano, lakini hazina haikuwa mikononi mwake.

Mwaka 1994 Tony George, kiongozi wa uwanja huo, alitangaza kuanzisha ligi yake, Indy Racing League, nayo ilianza kushindana Januari 1996. Hoja zake zilikuwa kwamba gharama za CART zimepanda kupita kiasi, kwamba mbio za mviringo zinapuuzwa, na kwamba vijana wa Kimarekani waliokulia katika viwanja vidogo vya vumbi hawana tena njia ya kufika juu. Aliweka pia kanuni iliyotenga nafasi 25 kati ya 33 za Indianapolis 500 kwa timu za ligi yake. Timu za CART ziliona zimefungiwa mlango, zikaandaa mbio zao huko Michigan siku ileile. Kuanzia hapo kila upande ulikwenda njia yake, na mwaka uliofuata hata magari yalitofautiana.

Hivyo mwaka 1999 Marekani ilikuwa na mabingwa wawili wa mchezo mmoja. Ligi ya Indianapolis ilikuwa na jina na mbio kubwa. CART ilikuwa na madereva bora, timu tajiri, watengenezaji wanne wa injini, yaani Honda, Toyota, Ford na Mercedes-Benz, na mbio katika nchi tano: Marekani, Canada, Brazil, Japan na Australia. Hisa zake ziliuzwa katika soko la New York tangu Machi 1998. Kwa mtazamaji wa wakati ule, ilikuwa rahisi kuamini kwamba CART ndiyo itakayosalia.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wakati pande hizo mbili zikitoana macho, NASCAR, michuano ya magari mazito yenye bodi iliyofunikwa, ilizidi kuvuta watazamaji na wafadhili. Novemba 1999, siku chache tu baada ya msimu wa CART kumalizika, NASCAR ilitangaza mikataba ya televisheni yenye thamani ya takriban dola bilioni 2.4.

Mgeni aliyekuja na haraka

Timu ya Chip Ganassi ilikuwa imetwaa ubingwa mara tatu mfululizo: Jimmy Vasser mwaka 1996, kisha Muitaliano Alex Zanardi mwaka 1997 na 1998. Zanardi alipoondoka kwenda Formula One kujiunga na Williams, timu hiyo ya Uingereza ilimruhusu dereva wake wa majaribio avuke bahari kuelekea upande wa pili. Huyo alikuwa Juan Pablo Montoya, mzaliwa wa Bogotá, bingwa wa Formula 3000 ya mwaka 1998. Ulikuwa ubadilishanaji ambao mwanzoni ulionekana kuinufaisha Williams. Msimu ulipokwisha, Zanardi hakuwa na hata pointi moja katika Formula One.

Montoya alikuwa hajawahi kushindana katika CART, na mviringo ulikuwa kitu kipya kwake. Mbio za kwanza, Homestead karibu na Miami, zilishindwa na Greg Moore wa Canada. Za pili, Motegi nchini Japan, alishinda Adrian Fernandez wa Mexico. Kisha Montoya akashinda Long Beach, akashinda Nazareth, akashinda Rio de Janeiro. Mbio tatu mfululizo, katika viwanja vya namna tofauti, kwa mtu ambaye miezi michache kabla alikuwa akisoma ramani za viwanja hivyo kwa mara ya kwanza.

Aliendesha kwa namna iliyowakera wakongwe. Gari likianza kuteleza, wengine walipunguza mwendo; yeye alilirekebisha kwa mikono huku mguu ukibaki palepale. Akaongeza ushindi wa Cleveland mwezi Juni, na mwezi Agosti akatwaa Mid-Ohio na Chicago. Tarehe 5 Septemba, mjini Vancouver, alishinda kwa mara ya saba.

Aliyemfuata kwa karibu alikuwa Dario Franchitti, mwenye umri wa miaka 26, aliyezaliwa Bathgate nchini Scotland katika familia yenye asili ya Italia. Franchitti aliendesha gari la timu ya Barry Green, lenye chasisi ya Reynard na injini ya Honda, sawa kabisa na la Montoya. Tofauti yao ilikuwa tabia. Franchitti hakushinda mara nyingi, ila alimaliza. Palipokuwa na pointi nane za kuokota, aliziokota. Alishinda Toronto mwezi Julai na Detroit mwezi Agosti, na katika mbio alizokosa ushindi mara nyingi alikuwa jirani na jukwaa.

Michigan, tarehe 25 Julai, ilitoa mfano wa jinsi msimu huo ulivyokuwa mwembamba kama uzi. Max Papis wa Italia alikuwa akiongoza mzunguko wa mwisho wa mbio za kilomita 800 pale gari lake lilipoishiwa mafuta. Tony Kanaan wa Brazil akampita, na nyuma yake Montoya akaja kwa kasi, akakosa ushindi kwa tofauti ya sekunde 0.032. Kwa kufumba na kufumbua huko Montoya alipoteza pointi nne.

Laguna Seca

Wiki moja baada ya Vancouver, msafara ulihamia Laguna Seca, California. Uwanja huo una kona maarufu iitwayo Corkscrew, ambako barabara hufika kileleni, ikapotea machoni, kisha ikashuka ghafla huku ikijipinda kushoto na kulia. Jumamosi ya tarehe 11 Septemba, wakati wa mazoezi, gari la Gonzalo Rodriguez wa Uruguay halikukata kona hiyo. Liligonga kizuizi kwa nguvu, likapinduka na kuangukia upande wa pili.

Rodriguez, mwenye umri wa miaka 28, alikuwa ameitwa na timu ya Roger Penske kwa mbio chache tu. Aliyoyafanya Ulaya katika Formula 3000 mwaka huo yalikuwa yamemfungulia mlango, na katika mbio zake za kwanza mjini Detroit alimaliza wa 12 na kupata pointi moja. Laguna Seca zingekuwa mbio zake za pili. Mifupa ya chini ya fuvu la kichwa ilivunjika, jeraha ambalo madaktari wa mbio za magari walilifahamu vizuri mno: mwili umefungwa mikanda na unasimama pamoja na gari, kichwa hakijafungwa popote, na shingo pekee ndiyo inayobaki kukizuia.

Mbio za Jumapili zilifanyika, na Bryan Herta akashinda.

Pointi zinaanza kuyeyuka

Montoya hakushinda tena msimu huo. Houston, tarehe 26 Septemba, hakufika mwisho. Waliomaliza wa kwanza na wa pili walikuwa madereva wawili wa timu ya Green: Paul Tracy wa Canada mbele, Franchitti nyuma yake. Wakati huo haikuwashangaza wengi. Tracy alikuwa na haki ya kushinda, na msimu ulikuwa bado. Hata hivyo kati ya wa kwanza na wa pili kuna pointi nne, na mtu anayezijua hesabu za Fontana hawezi kuyatazama matokeo ya Houston bila kuyatazama mara mbili.

Tarehe 17 Oktoba, Surfers Paradise nchini Australia, Montoya aligonga kizuizi na Franchitti akashinda. Mgeni aliyekuwa ameutawala msimu tangu Aprili sasa alikuwa nyuma kwa pointi tisa: Franchitti 209, Montoya 200. Zilikuwa zimesalia mbio moja.

Fontana

Uwanja wa California Speedway ulifunguliwa mwaka 1997 mjini Fontana, mashariki ya Los Angeles, mahali palipokuwa na kiwanda cha chuma cha Kaiser. Aliyeujenga ni Roger Penske, ambaye timu yake ndiyo iliyokuwa na historia nzito kuliko zote katika CART, lakini mwaka huo ilikuwa imekwama. Ilikuwa na ushindi 99, na wa mia ulikuwa umekataa kupatikana. Kwa msimu uliofuata Penske alikuwa ameamua kuanza upya na madereva wawili wapya, Gil de Ferran wa Brazil na Greg Moore.

Moore alitoka Maple Ridge, katika jimbo la British Columbia. Mwaka 1997, alipokuwa na umri wa miaka 22, alishinda Milwaukee na kuwa mshindi mwenye umri mdogo kuliko wote katika historia ya michuano hiyo. Alishinda mara tano kwa jumla, akiwa na timu ya Gerald Forsythe, gari namba 99, na injini ya Mercedes ambayo mwaka huo haikuwa na nguvu za kushindana na Honda. Katika mviringo alikuwa na kipaji cha kulipitisha gari upande wa nje, mahali ambapo wengine hawakuthubutu. Indianapolis 500 hakuwahi kuiendesha: alipoingia CART mwaka 1996, mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Alikuwa pia rafiki wa karibu wa Franchitti, Kanaan na Papis.

Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, Moore alikuwa akipita nyuma ya maegesho ya timu kwa pikipiki ndogo alipogongwa na gari. Mkono wake wa kulia uliumia. Dereva wa akiba, Roberto Moreno, aliwekwa tayari. Madaktari wakampima Moore, wakaridhika kwamba anaweza kushika usukani, na akaruhusiwa kuanza mbio kutoka mwisho wa msururu.

Katika mizunguko michache ya mwanzo alikuwa tayari amewapita wengi. Kisha, mbio zikiwa zimefika takriban mzunguko wa kumi, gari lake lilipoteza mshiko likitoka kona ya pili, likateleza kuelekea ndani ya uwanja na kuingia kwenye nyasi. Dakika chache kabla, Richie Hearn alikuwa amepata ajali mahali hapohapo na kutoka salama.

Kilichofuata kinahitaji maelezo, kwa sababu ndicho kilichobadilisha viwanja. Gari la namna hii hushikamana na ardhi kwa nguvu ya hewa: mabawa na sakafu yake huukamata upepo na kulikandamiza gari chini. Likigeuka kiubavu, hewa ileile huanza kupita chini yake na kulinyanyua. Juu ya lami tairi lingeendelea kukwaruza na kupunguza kasi. Juu ya nyasi kasi haipungui, na ukingo wowote wa udongo unaweza kuwa ngazi. Gari la Moore liliinuka, likageuka hewani, na sehemu ya juu, pale alipoketi, ikatangulia kukutana na ukuta wa zege wa upande wa ndani. Alipelekwa kwa helikopta katika hospitali ya Loma Linda, na saa 7:21 mchana ilithibitishwa kwamba amefariki.

Wasimamizi waliamua kutosimamisha mbio. Timu ziliarifiwa, lakini madereva waliendelea bila kuambiwa, wakizunguka kwa mwendo uleule, wakipita kila mara pale mwenzao alipoishia. Uamuzi huo umejadiliwa tangu siku ile. Waliouunga mkono walisema dereva anayepata habari kama hiyo akiwa katika kasi ya kilomita 370 kwa saa anaweza kusababisha msiba wa pili. Waliouona mchungu waliuliza kwa nini basi mbio zisikomeshwe kabisa. Bendera za uwanja zilishushwa nusu mlingoti, na zipo mbio chache ambazo kilomita zake za mwisho zilionekana ndefu kama zile.

Na bado hesabu iliendelea. Franchitti alihitaji tu kubaki karibu, lakini tatizo wakati wa kubadilisha tairi lilimrudisha nyuma, naye akamaliza wa kumi: pointi tatu. Montoya alimaliza wa nne: pointi 12. Jumla ikawa 212 kwa 212. Franchitti angemaliza wa tisa, angekuwa bingwa. Montoya angemaliza wa tano, Franchitti angekuwa bingwa.

Katika ligi ya soka timu zikilingana hutazamwa tofauti ya mabao. CART ilitazama idadi ya ushindi: Montoya saba, Franchitti watatu. Montoya, mwenye umri wa miaka 24 na akiwa katika msimu wake wa kwanza, akawa bingwa, wa kwanza kufanya hivyo akiwa mgeni tangu Nigel Mansell wa Uingereza mwaka 1993. Mbio zenyewe zilishindwa na Fernandez, Papis akawa wa pili na Christian Fittipaldi wa tatu. Waliposhuka garini waliambiwa. Hapakuwa na shangwe, wala shampeni. Franchitti amesema hadharani mara kadhaa katika miaka iliyofuata kwamba alipopata habari ya rafiki yake, ubingwa alioukosa ulipoteza uzito wote.

Moore, ambaye jina lake halikuondolewa katika msimamo, alimaliza msimu akiwa wa kumi kwa pointi 97. CART ilistaafisha namba 99.

Lami, mikanda na chuma

Msiba wa watazamaji ulikuwa umetangulia ule wa madereva. Julai 1998 huko Michigan, katika mbio alizoshinda Moore, gurudumu lililong'oka kwenye gari la Fernandez lilivuka uzio na kuua watu watatu. Mei 1999, katika mbio za ligi hasimu mjini Charlotte, watu wengine watatu waliuawa kwa namna inayofanana. Matokeo yake yalikuwa nyaya imara zinazolifunga gurudumu kwenye bodi hata chuma kinacholishikilia kikivunjika.

Baada ya Rodriguez na Moore, kazi ilihamia kwa dereva na ukuta. Nyasi za Fontana, mahali pale pa ajali, zilifunikwa kwa lami. Kifaa kiitwacho HANS, kola ngumu inayokaa mabegani na kuunganishwa na kofia ili kichwa kisitupwe mbele, kilikuwa kimebuniwa tangu miaka ya 1980 na profesa Robert Hubbard pamoja na shemeji yake, dereva Jim Downing. Kwa miaka mingi madereva walikikataa kwa madai kwamba kinabana. Mwaka 2001 CART ilikifanya cha lazima katika mbio za mviringo, na Formula One ikafuata mwaka 2003. Mwaka 2002 Indianapolis ilifunga ukuta mpya wa mabomba ya chuma yenye sponji ngumu nyuma yake, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Nebraska, ambao hubonyea na kumeza nguvu badala ya kuirudisha mwilini mwa dereva.

Pengine urithi mkubwa zaidi wa CART ni madaktari wake, Steve Olvey na Terry Trammell, waliosafiri na kikosi kilekile cha uokoaji kila mbio. Aprili 2001 madereva walipoanza kulalamika kizunguzungu katika mazoezi ya uwanja wa Texas, ambao kona zake zimeinuka mno, madaktari ndio waliosema mwili wa binadamu umefika mpaka wake, na mbio zikafutwa siku ya tukio huku mashabiki wakiwa wamekwisha kuingia. Septemba mwaka huohuo, huko Lausitz nchini Ujerumani, Zanardi, aliyekuwa amerejea CART, alikatika miguu yote miwili katika ajali. Kikosi hicho kikamwokoa, na miaka 11 baadaye akatwaa dhahabu ya baiskeli za mikono katika michezo ya Paralimpiki mjini London.

Mlango unafunguka

Mwezi Mei mwaka 2000 Ganassi alikuwa mmiliki wa kwanza mkubwa wa CART kurudi Indianapolis. Montoya akaongoza mizunguko 167 kati ya 200 na kushinda katika jaribio lake la kwanza. Wenyeji walinyamaza, maana mgeni kutoka ligi hasimu alikuwa amekula chakula chote mezani. Lakini ushindi huo uliiumiza CART kuliko Indianapolis, kwani timu nyingine nazo ziligundua kwamba wafadhili wao walikuwa wakiitaka Indianapolis muda wote. Penske alikwenda mwaka 2001. Mmoja baada ya mwingine wakahama. Mwishoni mwa mwaka 2003 CART ilifilisika, mabaki yake yakanunuliwa na kundi ambalo Forsythe alikuwa mmoja wao, na Februari 2008 pande hizo mbili ziliunganishwa chini ya jina la IndyCar. Tangu mwaka 2020 mmiliki wa michuano hiyo na wa uwanja wa Indianapolis ni Roger Penske.

Kiti ambacho Moore alikuwa amesaini kukikalia alipewa Helio Castroneves wa Brazil, aliyekuwa amebaki bila timu. Ushindi wa mia wa Penske ulipatikana mwaka 2000 mikononi mwa de Ferran, ambaye alitwaa ubingwa mwaka huo na uliofuata. Castroneves ameshinda Indianapolis 500 mara nne, ya mwisho mwaka 2021. Franchitti alitwaa ubingwa mara nne na Indianapolis 500 mara tatu. Ubingwa wake wa mwisho, Oktoba 2011, ulithibitishwa mjini Las Vegas katika mbio zilizokatishwa baada ya ajali iliyomuua Dan Wheldon, na mwaka 2013 majeraha ya ajali yake mwenyewe huko Houston yalimlazimisha kustaafu.

Montoya alikwenda Formula One, akashinda mara saba, akahamia NASCAR, kisha mwaka 2014 akarejea katika magari ya magurudumu wazi, safari hii akiwa na Penske. Mwaka 2015 alishinda Indianapolis 500 kwa mara ya pili na kuongoza msimamo karibu msimu wote. Mbio za mwisho zilipokwisha, yeye na Scott Dixon wa New Zealand walikuwa na pointi 556 kila mmoja. Ushindi ukahesabiwa: Dixon mara tatu, Montoya mara mbili. Dixon alikuwa akiendesha gari la Ganassi.